Nyumba Niliyomjengea Mke Mwenza

Nakumbuka vizuri asubuhi ile jirani yetu, Mama Awuor, alipoegemea ua wetu akanipa hongera kwa kumkaribisha mke mwenzangu. Nilikuwa nimesimama juu ya stuli, misumari mdomoni, nikipigilia fremu ya dirisha kwenye kibanda nilichokuwa nakijenga kwa mikono yangu mwenyewe. Ilibidi kwanza niitoe ile misumari ndipo nimuulize, mke mwenza gani?

"Si huyo mwenye hii nyumba, Mwalimu," akasema, akikionyesha kibanda kwa kidevu. "Wewe uko na roho safi. Kumjengea mwenzako na mikono yako! Mimi singeweza, haki."

Akachukua ndoo yake akaenda zake kuteka maji. Nami nikabaki juu ya stuli, nikiikodolea macho nyumba ambayo mpaka dakika ile nilidhani ni yangu.

Mwanangu, siku hizi habari hii naisimulia nikicheka, na wasichana wa shule wanaonialika niwasomee hadithi zangu hucheka pamoja nami. Siku yenyewe sikucheka. Lakini umeniuliza, kama wengi wanavyoniuliza, nimewezaje kuandika vitabu, kulea watoto na bado nikashika msumeno. Wengine hutegemea niwape ratiba. Ratiba hata mimi sina, na niliyokuwa nayo zamani iliraruliwa na mbuzi. Nitakueleza juu ya nyumba ile, kisha wewe mwenyewe utapima.

Mimi ni Mkuria, mzaliwa wa Kegonga, na jina langu ni Robi. Baba yangu alikuwa fundi wa kila kitu cha mbao na fito, na kwa kuwa wana wa kiume walichelewa kuzaliwa kwetu, mimi ndiye niliyemshikia kamba na kumpokeza nyundo. Kufikia umri wa kuolewa nilikuwa najua kunyoosha nguzo kwa timazi na kunoa patasi, ujuzi ambao shangazi zangu waliapa kwamba utanikosesha mume. Haukunikosesha. Nilisomea ualimu, nikapangiwa shule moja huko Suba, karibu na Magunga, na huko ndiko nilikokutana na Okoth, Mjaluo mpole mwenye biashara ya omena, wale dagaa wadogo wa ziwani. Alinunua Sindo, akauza Migori mjini. Hakuwa na uwezo wa kupigilia msumari hata mmoja ukaingia wima, na alikiri hivyo mapema kabisa, jambo lililonifanya nimwamini katika mengine yote.

Tulipokwisha kupata mabinti wetu, Achieng' na Boke, tulihama kwa mama mkwe tukafungua boma letu wenyewe, kwa taratibu zote za Kijaluo. Baba mkwe alikuwa amekwisha fariki, kwa hiyo aliyesimama badala yake ni mdogo wake, Jaduong' Owino, yaani Mzee Owino, mtu mrefu, mkavu, anayependa mambo yaende kama yalivyokwenda siku zote. Mzee huyo hakuwa na ubaya nami. Alikuwa na huzuni moja tu, ambayo hakuificha: mtoto wa ndugu yake alikuwa na mabinti watupu.

Basi fikiria nilivyokuwa. Asubuhi shuleni, mchana shambani, jioni jikoni, na katikati ya hayo yote nilikuwa naandika riwaya. Mshika mawili, moja humponyoka, wakaniambia. Mimi nilikuwa nimeshika matatu na wala sikuona ni lipi la kuachilia. Nilijisaidia kwa mikono yangu. Nilitengeneza mfereji wa bati kuukuu, maji ya mvua yakaingia pipani moja kwa moja, nikapunguza safari za kisimani. Nikatengeneza pia kapu la kupikia: kapu kubwa nililolijaza matambara na blanketi lililochakaa. Maharagwe yakishachemka unayatia humo na sufuria yake, unafunika vizuri, yanaiva yenyewe bila moto na bila mtu wa kuyachungulia. Kuna sura nzima ya kitabu changu cha kwanza iliyoandikwa maharagwe yakiiva ndani ya kapu, na mpaka leo naiona ndiyo sura tamu kuliko zote.

Ila mahali pa kuandikia sikuwa napo. Niliandika kwenye meza ya chakula, na meza ya chakula ina wenyewe. Siku moja Boke alimwaga uji juu ya karatasi zangu, akalia kwa sababu ya uji, nami nikalia kwa sababu ya karatasi. Wakati huohuo mhariri mmoja wa Nairobi alikuwa amenirudishia mswada wangu akisema mwanzo ameupenda, lakini nusu ya mwisho niiandike upya. Nikajiambia, Robi, binti ya fundi hawezi kukosa chumba. Shule zilipofungwa nikachimba mashimo ya nguzo.

Mahali nilipachagua kwa akili ya fundi. Ardhi ilikuwa imeinuka kidogo, maji hayatuami, na alasiri nyumba kubwa ilikinga jua. Nikasimamisha nguzo, nikafunga fito kwa kamba za katani, nikakandika udongo pamoja na mabinti zangu, ambao walijikandika wenyewe kuliko ukuta. Mlango niliutengeneza kwa mbao za masanduku ya samaki, kwa hiyo ulinukia Sindo kila jua likiwaka. Kuezeka nilimwita fundi wa paa, kwa maana nilikwisha kujifunza kwamba huku mwanamke aliyeolewa hapandi juu ya paa. Nikajisifu moyoni jinsi ninavyoheshimu mila za watu. Yule fundi akaezeka, akala ugali wake, akaondoka bila kuuliza swali hata moja. Baadaye nilielewa kwa nini hakuuliza. Kwake yeye jambo lilikuwa wazi.

Katika boma la Mjaluo, mwanangu, mahali palipo nyumba panasema kila kitu. Nyumba ya mke wa kwanza hutazama lango. Ya mke wa pili ina upande wake. Vijana wa kiume nao wana pao karibu na lango. Mtu akipita njiani anaweza kulijua boma zima bila kumsalimu yeyote. Mimi, kwa akili yangu ya fundi, nilikuwa nimeweka chumba cha kuandikia palepale anapowekwa mke wa pili, nikakitia mlango, dirisha na paa zuri la nyasi. Usilolijua ni kama usiku wa giza, na mimi nilikuwa nimeingia gizani nikipiga nyundo.

Nilipotambua, nikadhani ni jambo la kurekebisha kwa maneno machache. Nikamfuata Mama Awuor kisimani, nikamwambia mbele ya wenzake kwamba ile ni nyumba ya kuandikia.

"Kuandika nini?" akauliza mmoja.

"Hadithi."

"Kwani hadithi inalala wapi siku zote, hata sasa imetaka nyumba?"

Wakacheka, si kwa ubaya, wakanitazama kwa huruma ile ambayo watu humpa mwanamke anayejikaza asilie mbele ya watu. Kadiri nilivyokana ndivyo walivyozidi kunihurumia. Wahenga walisema lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Hili langu lilikuwa halipo, lakini lilikuwa njiani linakuja, tena kwa miguu ya Jaduong' Owino. Mzee alikuwa ameiona nyumba, akafurahi kwamba mke wa kwanza ameelewa mambo bila kuambiwa, akatembea mpaka Sindo kwa familia moja yenye binti mkubwa, akatia neno la posa. Nilipata habari kwamba Jumapili baada ya kanisa angekuja nyumbani na mama mkwe ili jambo lizungumzwe.

Okoth alirudi kutoka Migori kabla ya Jumapili hiyo. Nilimpa chai, nikangoja amalize, nikamuuliza kama amesikia yanayosemwa.

"Nimesikia hata kule Migori," akasema.

"Na wewe unasema nini, Baba Achieng'?"

Akazungusha kikombe mezani. "Mimi nangoja wewe ndio useme, Mama Achieng'."

Basi nikakasirika. Nilimwona kama mtu anayetaka mke wa pili na hana ujasiri wa kumwomba, amepata bahati ya mke mjinga wa kumjengea nyumba kabisa. Nikanyamaza. Naye akanyamaza. Tulikula pamoja, tukalala pamoja, tukaongea habari za chumvi na karo na mbuzi, na hakuna aliyegusa habari yenyewe. Kimya kingi kina mshindo mkuu, na mshindo wetu ulikuwa umepangiwa Jumapili.

Niliogopa, mwanangu, na nakwambia wazi. Niliogopa kwamba nitampoteza mume wangu kwa sababu ya kuta nilizozikandika mwenyewe. Nikaogopa pia kwamba wazee wataniambia nibomoe, niache hayo maandishi, nitulie kama wanawake wengine, kwa sababu nilijijua. Kubomoa ningeweza. Kuacha nisingeweza.

Jumapili wakaja. Tulikaa uani, kwenye kivuli cha nyumba kubwa. Jaduong' Owino alikalia kiti alicholetewa, akaweka kofia gotini. Mama mkwe wangu, Yunia, alikuwa mwanamke mfupi mwenye macho yasiyokosa kitu, na alikaa akiwa ameelekea kile kibanda kwa makusudi. Mazungumzo yalikuwa ya Kijaluo, ambacho mimi nilikijua cha kutosha kusalimu na kununua samaki, na kidogo zaidi. Nakupa kwa Kiswahili.

"Nyumba imesimama," akaanza mzee. "Upande wake tunaujua sisi sote. Aliyeijenga ni mke wa kwanza mwenyewe, basi hakuna ugomvi, namshukuru. Kilichobaki ni kumleta mwenye nyumba, kwa sababu nyumba ya upande ule haikai bila mtu. Ikikaa tupu, tunajiitia mkosi wenyewe."

"Mwenye nyumba ni mimi," nikasema.

Akanitazama kwa upole. "Wewe una yako, mwanangu. Ni hii kubwa tuliyokaa kivulini mwake."

Nikafungua mdomo kujibu, lakini mama mkwe akainua mkono kidogo, akamgeukia mwanawe.

"Okoth. Hii nyumba ni ya nini?"

"Sijui, Mama."

"Hujui? Imejengwa mbele ya macho yako."

"Nilirudi siku moja nikakuta nguzo," Okoth akasema. "Nikaenda, nikarudi, nikakuta kuta. Kila nikitoka Migori nakuta nyumba imepanda, na hakuna mtu ananiambia kitu." Akatazama viganja vyake, na sauti ikashuka. "Nilidhani Robi anajijengea mwenyewe. Nilidhani amechoka kukaa na mimi, anataka pa kwake. Sasa watu waliponipa hongera ya mke wa pili, nilikubali tu kwa kichwa. Ningesema nini? Niseme hakuna wa pili, ni wa kwanza ndiye anahama?"

Mwanangu, nimeandika vitabu, na katika vitabu hivyo watu wamelia na kuachana na kurudiana. Sijawahi kuandika sentensi iliyonipiga kama ile. Nilimtazama mume wangu, mtu niliyedhani anatafuta mke, kumbe amekuwa akitafuta namna ya kuvumilia nikiondoka.

Yunia akanigeukia. Nilitegemea matusi. Angekuwa na haki.

"Nyar Kuria," akasema, maana ndivyo alivyoniita siku zote, binti wa Kuria. "Mikono yako ni mizuri. Nimekalia kiti ulichotengeneza, hakiyumbi. Lakini mdomo wako uko wapi? Kutwa unaandika maneno ya watu ambao hawapo. Huyu ambaye yupo, hujampa hata neno moja."

Hakupaza sauti.

"Sasa kayalete," akaongeza. "Hayo maneno. Tusikie yanayotafutiwa nyumba."

Nikaingia ndani, nikaleta karatasi, zile zilizopona uji. Nilikuwa sijawahi kumsomea mtu yeyote wa nyumba ile. Sababu niliyojipa ilikuwa kwamba wana shughuli zao. Sababu ya kweli ilikuwa woga: mgeni akikukataa unarudi kwenu, lakini wa kwenu wakikukataa utarudi wapi? Nikaanza kutafsiri kwa Kijaluo changu cha sokoni. Ilikuwa hadithi ya mwanamke aliyeachiwa na baba yake mashine ya kusaga mahindi, na kaka zake wakataka iuzwe kwa sababu haifai mwanamke kushika mashine. Nilikosea maneno. Okoth akanisahihisha kwa sauti ndogo, kwanza neno moja, kisha mengine, mwishowe tukawa tunasimulia wawili. Achieng' na Boke wakaja wakakaa chini. Yunia akaguna kaka wa kwanza alipodanganya, akapiga goti lake kaka wa pili alipodanganya zaidi.

Nikafika mahali maandishi yalipokomea, nikaweka karatasi chini.

"Kisha?" akauliza Jaduong' Owino.

"Bado, Jaduong'."

"Bado nini? Mashine iliuzwa au haikuuzwa?"

"Sijaandika."

"Kwa nini hujaandika?" Mzee alikuwa ameudhika kweli, kofia imeanguka na hana habari.

"Sina mahali pa kukaa nikaandika," nikasema.

Wote, pamoja na mabinti zangu, wakageuka wakakitazama kile kibanda. Okoth ndiye aliyeanza kucheka, cheko la mtu aliyetuliwa gunia la omena mgongoni, akafunika uso kwa viganja, na nilipoona mabega yake yakitikisika sikujua kama bado ni kicheko. Nikaenda nikakaa karibu naye, mbele ya wakwe, jambo ambalo si adabu. Hawakuniambia kitu.

Usidhani mambo yaliishia hapo. Mzee alikwisha kuelewa, lakini kuelewa hakukuisogeza nyumba. "Nimesikia, na ni hadithi nzuri," akasema akiokota kofia. "Hata hivyo nyumba haiwezi kubaki pale. Nikifa leo, atakuja mwingine atauliza swali lilelile." Na alikuwa sawa. Penye wazee haliharibiki neno, lakini pia halipindishwi ovyo kwa sababu mtu amekusimulia vizuri.

Ni Yunia aliyefumbua fumbo. Alisema kwamba nyumba hudai mtu, ila dero haidai mtu. Dero ni ghala la nafaka, linalofumwa kwa fito na kuinuliwa juu ya miguu ya miti, na kila mke ana haki ya kuwa na lake mbele ya nyumba yake. "Nyar Kuria abomoe nyumba, ajenge dero," akasema. "Atakachohifadhi ndani ni shauri lake. Mimi sijawahi kusikia mtu akimuuliza mwanamke ameweka nini ghalani mwake. Wewe umewahi?"

Jaduong' Owino akafikiri. Alitafuta kosa katika neno lile, nami nilimwona akilitafuta, maana alikuwa mtu mwaminifu. Hakulipata. "Dero si nyumba," akakubali mwishowe. Kisha akasema kwamba kule Sindo atarudi mwenyewe kuomba radhi, kwa kuwa ulimi uliokwenda ulikuwa wake. Akaenda kweli kesho yake. Nimewaheshimu watu wengi wenye vyeo, lakini mzee yule aliyekwenda Sindo kurudisha neno lake bado yuko juu yao.

Kubomoa kuliniuma. Mtu asikudanganye kwamba kitu ulichokijenga mwenyewe hukibomoa kwa moyo mweupe kwa sababu tu sababu ni nzuri. Nilitoa mlango, nikatoa dirisha, nikakata kamba za fito moja moja, na nilitokwa na machozi kidogo nilipofika ukuta wenye alama za viganja vya Boke. Okoth hakwenda Migori wiki ile. Alibeba, akapanga, na kwa kila kitu nilichoshika aliuliza, "Na hii ni ya nini?" Mwanzoni nilidhani ananitania. Baadaye nikaona kwamba anauliza kweli, na kwamba tangu anioe sikuwa nimempa nafasi ya kuuliza. Nikamweleza timazi inavyofanya kazi. Nikamweleza kwa nini fito hufungwa mbichi. Nikajikuta namweleza na mambo ya mswada, yule mhariri, na hofu yangu kwamba pengine sijui kumaliza.

Tukajenga dero kubwa kuliko maghala yote ya kijiji. Miguu yake niliivalisha vipande vya bati la madebe, vimetandazwa kwa nje, panya akipanda anafika hapo anarudi. Ubavuni niliweka kilango na ngazi, ndani ubao wa kuandikia na kiti kifupi. Okoth alipigilia ngazi. Ilibidi nipigilie tena baada yake, lakini misumari yake iliyopinda sikuing'oa. Ukikaa ndani unaona lango, jiko, kisima na kila mtu anayepita, na kila mtu anakuona wewe pia kupitia nafasi za fito. Kimya sikukipata. Achieng' alipanda kuniuliza hesabu, mama mkwe alisimama chini kunipa habari za msiba, kuku wakataga chini ya sakafu yangu. Na kila mara Okoth alipotoka Migori, kabla hata ya kutua mizigo, alikuja akasimama chini ya ngazi akaita, "Mama Achieng'! Mashine imeuzwa?" Nami nikamjibu palepale nilipofikia, hata kama nilikuwa nimefikia pabaya. Kitabu kilikwisha ndani ya dero ile, na mhariri hakunirudishia tena.

Kuna jambo moja ambalo bado hunikalia moyoni, hata sasa ambapo vitabu ni vingi na Okoth ni mzee anayelalamika chai haina sukari. Huwa namfikiria katika ile miezi ya ujenzi. Anatoka Migori amechoka, ananuka samaki, anafika langoni anakuta ukuta umepanda tena. Anauzunguka mara moja bila kusema. Kisha anaingia ndani, ananisalimu, anakunywa chai yake, na anangoja kuachwa. Mimi nilikuwa palepale mezani, nafikiria sura ya kumi.

Kwa hiyo sikiliza, mwanangu, wewe mwenye kalamu, na wewe mwenye nyundo, na wewe mwenye vyote viwili na watoto juu yake. Andika. Jenga. Usimwombe mtu ruhusa ya kuwa ulivyo; mimi sikuiomba na sitakushauri uiombe. Lakini kumwambia mtu si kumwomba ruhusa. Kabla hujachimba shimo la nguzo ya kwanza, mwite anayelala karibu nawe umwambie, hapa nataka kujenga hiki, kwa sababu hii, na wewe utakuwa na nafasi hii ndani yake. Asipoelewa, mwambie tena kesho. Kazi yako usipoieleza, watu wataieleza wao, na yule anayekupenda zaidi ndiye atakayejielezea vibaya kuliko wote, kwa kuwa ndiye mwenye cha kupoteza. Wasomaji wako wa mbali watangoja. Wa nyumbani wape neno lao kwanza, hata kama ni neno moja na maharagwe yanaungua.

Sasa niache nikubariki, nirudi kazini. Mungu aliyewapa wazee wetu hekima ya kubomoa bila kuvunja akupe mikono isiyochoka na paa lisilovuja. Akupe watu wa nyumbani watakaosimama chini ya ngazi yako kukuuliza unafanya nini huko juu. Na wakikuuliza, mwanangu, akupe moyo wa kuweka kalamu chini, ushuke, uwajibu.